Meza Ukisikia Maumivu: Albamu ya 1993 Iliyotoka Kwenye Matope ya New Orleans

Wadau, kuna albamu ukiiweka kwa mara ya kwanza unadhani spika zako zimekufa. Gitaa linakoroma, dramu zinatembea kama mtu aliyebeba gunia la saruji kichwani, na jamaa aliyeshika maiki haimbi, anapasua koo. Unataka kuzima. Halafu ikifika dakika ya tatu hivi, unashtukia kichwa kinatikisika chenyewe.

Albamu hiyo inaitwa Take as Needed for Pain. Ilitoka mwaka 1993 chini ya Century Media, kampuni ya muziki iliyoanzia Ujerumani. Wenyewe ni Eyehategod, bendi ya New Orleans, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Muziki wao unaitwa slaji, na jina limekaa sawa kabisa, maana kwa Kiingereza ni lile tope zito linalobaki chini ya mtaro.

Tuanze na jina la albamu. Hayo ni maneno ya kwenye kibandiko cha dawa ya maumivu: tumia kadiri unavyohitaji. Si moja kutwa mara tatu. Ukiumwa, meza, na mwenye kuamua kama umeumwa ni wewe mwenyewe. Kwa mgonjwa aliyetoka kushonwa kidonda, hilo ni agizo la kawaida tu la daktari. Kwa teja, huo ni mlango ulioachwa wazi. Albamu nzima inakaa hapo katikati, kati ya mtu anayetafuta nafuu na mtu ambaye nafuu yenyewe imeshageuka ugonjwa.

Lakini uzito huu haukuzaliwa New Orleans. Turudi nyuma kidogo, mpaka Birmingham, Uingereza, miaka ya 1960. Kijana mmoja aitwaye Tony Iommi alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mabati. Siku ambayo ilikuwa iwe ya mwisho kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vilivyoumia ndivyo vya kubonyeza nyuzi. Wengi wangeacha. Yeye akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea kofia za vidole, akatafuta nyuzi nyepesi. Baadaye akaanza kuzilegeza ili zisimuumize sana.

Sasa uzi ukilegea unacheza taratibu, na sauti inashuka, inakuwa nene. Bendi yake, Black Sabbath, ilitoa albamu ya kwanza Februari 1970, na kufika Master of Reality ya mwaka 1971 gitaa lilikuwa limeshushwa mpaka watu wakahisi sakafu inatetema. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wa muziki huu ilitokana na vidole vya mfanyakazi wa kiwandani vilivyokuwa vinauma. Maumivu yalikuwepo tangu mwanzo.

Baada ya hapo metali ikakimbilia kasi. Miaka ya 1980 kila bendi ilitaka kuwa na spidi kuliko mwenzake, na vijana wa panki nao walikuwa wanapiga nyimbo za dakika moja, kwisha. Mwaka 1984 bendi ya panki ya California, Black Flag, ikatoa My War. Upande wa kwanza ni mambo yaleyale ya haraka haraka. Ukigeuza sahani upande wa pili unakuta nyimbo tatu tu, kila moja zaidi ya dakika sita, zinajikokota. Mashabiki wengi waliona wametapeliwa. Wachache walisikia njia mpya. Miongoni mwao walikuwa Melvins, vijana wa jimbo la Washington, ambao mwaka 1987 walitoa Gluey Porch Treatments, na wengi huihesabu kama moja ya mbegu za kwanza za slaji.

Ukimtajia mtu New Orleans atakuambia jazi, Louis Armstrong, matarumbeta na sherehe za Mardi Gras. Ni kweli. Ila wale vijana walikulia katika upande mwingine wa jiji hilohilo. Bei ya mafuta iliporomoka katikati ya miaka ya 1980, na Louisiana iliyokuwa inategemea visima ikapigwa na ukosefu wa ajira. Unga ukajaa mitaani. Mwaka 1994, jiji ambalo halikufikisha watu laki tano lilihesabu mauaji zaidi ya 400. Hapo ndipo Eyehategod walipoanzia mwaka 1988, wakisikiliza Sabbath, Black Flag na Melvins kwa pamoja.

Hawakuwa peke yao. Bendi za pale zilikuwa kama ukoo mmoja, watu walewale wakibadilishana vyombo. Crowbar walitoa albamu iliyobeba jina lao mwaka huohuo wa 1993. Mwaka 1995 likaja kundi la Down na albamu ya NOLA, ambamo aliyekaa kwenye dramu ni jamaa yuleyule anayepiga gitaa Eyehategod.

Haya, tuingie kwenye sauti yenyewe. Kitu cha kwanza ni ule mlio. Unajua maiki ikisogezwa karibu na spika inavyopiga kelele hadi watu wanaziba masikio? Gitaa la umeme linafanya vilevile: sauti inatoka kwenye amplifaya, inarudi kwenye nyuzi, inatoka tena, na mlio haufi. Fundi wa kawaida anahangaika kuuzima. Hawa wanauacha. Unasikika kabla ya wimbo, katikati, na baada ya wimbo, kama jeraha lisilofunga.

Cha pili ni bluzi, na hapa ndipo wengi wanapopitwa. Chini ya zile kelele kuna mapigo ya gitaa ambayo mzee yeyote wa bluzi wa kusini angeyatambua, ila yamepunguzwa mwendo na kuchafuliwa. Dramu nazo haziendi kama saa ya ukutani. Zinayumba, zinachelewa kidogo, zinakuwa na ule mnyumbuko wa muziki wa mtaani wa New Orleans. Ndiyo maana mwili unaitika. Ukiondoa mnyumbuko huo unabakiwa na kelele tu.

Cha tatu ni kusubiri. Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tunajua wimbo unaanza taratibu, mwimbaji analalamika weee, lakini moyoni unajua sebene inakuja na hapo watu watainuka. Hawa jamaa wanakusubirisha vilevile. Mara wanachomoka kwa kasi ya panki, unasema naam, sasa tumefika. Kabla hujakaa sawa wanaurudisha wimbo kwenye tope. Furaha wanakuonjesha tu.

Maneno? Mengi huyasikii, na hata ukiyasoma ni vipandevipande, hakuna hadithi. Majina ya nyimbo ndiyo yanakupa picha. Shoplift ni wizi wa dukani. 30$ Bag ni kete ya dola 30. Kill Your Boss haihitaji tafsiri. Na kuna majina mengine makali na ya kuudhi kiasi kwamba siwezi kuyaandika hapa. Hiyo ni sehemu ya albamu ambayo mimi siitetei.

Sasa kuna lawama ya siku zote: kwamba muziki kama huu unawasifia mateja na kuwafanya vijana wawe na hasira. Hili la hasira limewahi kupimwa. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichukua mashabiki 39 wa muziki mkali, wakawachokoza kwa kuwakumbusha mambo yaliyowakera. Wengine wakawekewa muziki wao kwa dakika kumi, wengine wakakaa kimya. Waliosikiliza muziki hawakupandisha zaidi. Walitulia kama wale wa kimya, na wakajisikia na nguvu zaidi.

Kuhusu kusifia, sikiliza mwenyewe. Katika albamu hii hakuna starehe hata moja. Hakuna gari, hakuna mademu, hakuna pesa inayorushwa. Nyimbo ngapi tamu za redioni zinaifanya dawa ionekane sherehe? Hawa wanakupa asubuhi yake. Na mwaka 1996 albamu iliyofuata wakaiita Dopesick, kitu ambacho kwa lugha ya mitaa yetu kina jina moja tu: arosto.

Gharama waliilipa wenyewe. Kimbunga Katrina kilipopiga Agosti 2005, mwimbaji aliishia mahabusu katika mji mwingine wa Louisiana kwa kesi ya dawa za kulevya, na marafiki wa muziki wakasaidia kumtoa. Agosti 2013 mpiga dramu wao, Joey LaCaze, alifariki akiwa na miaka 42. Alikuwa ameshapiga sehemu zake za albamu iliyotoka mwaka 2014, kwa hiyo unamsikia mle akiwa hayupo. Desemba 2016 mwimbaji akabadilishiwa ini. Alipona, akarudi jukwaani, na mwaka 2021 bendi ikatoa albamu nyingine.

Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu aisikilize? Mimi naona ni kwa sababu haidanganyi. Ukiwa na msiba au deni au mapenzi yamekutupa, nyimbo nyingi zinakukimbiza: jipe moyo, kesho ni nzuri, cheza. Hii haikwambii kesho ni nzuri. Inakaa na wewe hapohapo ulipo, kwa mwendo uleule wa maumivu, ambayo hayaendi haraka hata siku moja. Kuna faraja katika kukaliwa hivyo na mtu asiyekuhimiza uinuke.

Ukitaka kuijaribu, usitumie spika ya simu, hutasikia besi na utabaki na makelele matupu. Tafuta hedifoni nzuri, anza na wimbo wa kwanza, Blank, na uupe nafasi mpaka mwisho kabla hujahukumu. Na wewe, siku ikiwa mbaya kweli, huwa unaweka muziki gani: ule wa kukuinua, au ule wa kukaa na wewe chini?