Muamba: Aliyetua tanga akiwa na miaka 24

Usiku wa Jumamosi, Machi 17, 2012, mtu wa Kismayo, kusini mwa Somalia, aliyetaka kutazama mpira ilimbidi ajifiche. Tangu 2008 mji ulikuwa mikononi mwa Al-Shabaab, na soka kwenye televisheni ilikuwa imepigwa marufuku katika maeneo yao. Kusini ya mpaka wa Kenya, Lamu na Mombasa, ambako Wabajuni wengi wa pwani na visiwa vya Kismayo walikimbilia dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, mambo yalikuwa mengine. Huko mpira ulitazamwa hadharani, na usiku ule Tottenham walikuwa wakicheza na Bolton robo fainali ya Kombe la FA. Ubao ulisoma 1-1.

Dakika ya 41, kama saa tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kiungo wa Bolton alianguka kifudifudi katikati ya uwanja wa White Hart Lane. Hakuguswa na mtu, na mpira haukuwa karibu naye. Alikuwa Fabrice Muamba, kijana wa miaka 23. Moyo wake ulikuwa umesimama.

Muamba alizaliwa Kinshasa, Aprili 6, 1988. Baba yake aliikimbia nchi kwa sababu za kisiasa, na mwaka 1999 mtoto akamfuata London, akiwa na miaka 11 na hajui Kiingereza. Mbajuni aliyelelewa kambini Mombasa hahitaji kuelezwa maana ya safari kama hiyo. Mpira ukamfungulia mlango. Alilelewa katika chuo cha soka cha Arsenal, akapita Birmingham City, na mwaka 2008 akahamia Bolton. Timu ya taifa ya Uingereza ya vijana chini ya miaka 21 aliichezea mara 33. Hakuwa mchezaji wa madoido. Kazi yake ilikuwa kukimbia, kukaba na kunyang'anya, na mapafu yake yalisifiwa na wote.

Na moyo wake ulikuwa umeshapimwa kabla ya siku ile. Haukuonekana na kasoro.

Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi, lakini yafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake ndimo lilimo somo. Matabibu wa timu walimfikia mara moja wakaanza kumkandamiza kifua. Jukwaani alikuwapo shabiki wa Tottenham, Dakta Andrew Deaner, bingwa wa moyo aliyekuja kustarehe na jamaa zake. Alimwomba mlinzi wa uwanja amruhusu kupita, akashuka hadi kwenye nyasi. Muamba alishtuliwa kwa mashine mara 2 pale pale uwanjani, mara 1 kwenye njia ya kutokea na mara 12 ndani ya gari la wagonjwa. Jumla mara 15. Deaner akashauri apelekwe London Chest Hospital, hospitali yenye wataalamu wa moyo, ijapokuwa haikuwa ya karibu zaidi. Kwa dakika 78 moyo haukupiga wenyewe. Muda wote huo mikono ya watu ndiyo iliyosukuma damu hadi kwenye ubongo.

Mwamuzi Howard Webb alivunja mchezo, na mashabiki wa Tottenham wakaliimba jina la mchezaji wa wapinzani wao.

Aprili 16 Muamba alitoka hospitali kwa miguu yake. Mei 2 alikwenda kuwatazama wenzake, na machozi yakamtoka mbele ya umati uliosimama kumshangilia. Alitaka kurudi kucheza. Alifika hadi Ubelgiji kuonana na bingwa mwingine wa moyo, na habari alizopewa huko hazikuwa alizozitumaini. Agosti 15, 2012, miezi mitano baada ya kuanguka, alitangaza kuacha soka. Alikuwa na miaka 24.

Katika visiwa vyetu vya Wabajuni, Chula, Chovai au Koyama, mpira wa ufukweni huanza maji yakipwa na huisha maji yakijaa. Mtoto anayeongoza na mtoto anayefungwa huondoka pamoja. Hakuna anayebishana na bahari. Lakini Muamba alikuwa na miaka kumi mbele yake, mshahara na jina. Nahodha anayetua tanga pepo zikiwa nzuri huonekana mwoga kwa asiyeliona wingu. Yeye alitua, akarudi darasani kusomea uandishi wa habari za michezo, na akatumia jina lake kudai mashine za kushtua moyo ziwekwe mahali pa watu wengi.

Kabla yake, Juni 26, 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka mjini Lyon katika nusu fainali ya Kombe la Mabara, akafariki akiwa na miaka 28. Baada yake, Juni 12, 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen akaokolewa. Eriksen aliwekewa kifaa kidogo kifuani na akarudi kucheza Uingereza, kwa kuwa kanuni za Italia zilimzuia kuendelea na Inter. Desemba mwaka huohuo Sergio Agüero wa Barcelona aliacha soka akiwa na miaka 33, kwa sababu moyo wake ulikuwa ukienda bila mpangilio.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna msiba wetu. Desemba 2016, kwenye Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, kijana Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka muda mfupi baada ya kufunga bao. Hakuamka.

Kismayo ilibadilika mwaka uleule wa Muamba. Mwishoni mwa Septemba 2012 Al-Shabaab waliondoka mjini, na mpira ukarudi hadharani. Ila mtu akianguka Koyama, hospitali ni safari ya saa kadhaa baharini, ilhali kila dakika inayopita bila moyo kushtuliwa hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 10. Mashine iliyoko Kismayo haimfai aliyeko kisiwani.

Kinachoweza kufika kisiwani leo ni ujuzi. Weka viganja viwili katikati ya kifua, mikono imenyooka. Kandamiza kwa kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita, wenzako wakikupokea ukichoka. Hilo peke yake halikumponya Muamba, ila bila hilo mashine ingeshtua maiti mara zote 15. Baharia aliyezoea kuvuta jarife tangu alfajiri ana nguvu hizo. Hajafundishwa tu pa kuziweka.