Urani ya Katanga katika filamu, vibonzo na sera za Japani

Kituo cha umeme cha Koni, chenye megawati 42, kiko kwenye mto Lufira chini ya Mwadingusha, na tangu 1950 kimelisha ukanda wa migodi ya Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo. Upande wa pili wa mji, kilomita zipatazo 20, ndiko liliko shimo la Shinkolobwe. Baadhi ya mawe yake yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati kwingineko hata asilimia moja ilihesabiwa kuwa neema. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, kampuni iliyochimba shimo hilo, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York. Septemba 1942 akaliuzia shehena hiyo jeshi la Marekani. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka humo.

Kwa Wajapani mwaka wenye mengi ni 1954. Tarehe 1 Machi jaribio la bomu la haidrojeni kisiwani Bikini liliwanyeshea majivu wavuvi 23 wa meli Daigo Fukuryū Maru. Mmoja akafa Septemba. Mwezi huohuo wa Machi bunge lilipokea bajeti ya kwanza ya utafiti wa nyuklia, yeni milioni 235, tarakimu iliyochukuliwa kwenye urani-235. Novemba ikatoka Godzilla ya Ishirō Honda: dubwana lililoamshwa na majaribio ya mabomu, ngozi yake ikiwa na makunyanzi kama kovu la moto. Wanawake wa Suginami, Tokyo, walikuwa wameanza kukusanya sahihi za kupinga mabomu, na kufikia 1955 zilipita milioni 30. Desemba 1955 ikapitishwa sheria iliyobana nishati ya atomiki kwenye matumizi ya amani.

Mkono uliochora hofu ulichora na matumaini. Roboti Atom wa Osamu Tezuka, aliyeanza vibonzoni 1952 na kuingia televisheni 1963, ana dada aitwaye Uran na ndugu aitwaye Cobalt. Mtu wa Likasi akisikia majina hayo atadhani ukoo mzima umechimbwa kwao.

Waziri Mkuu Eisaku Satō alitangaza 1967 kanuni tatu: kutomiliki silaha za nyuklia, kutozitengeneza, kutoruhusu ziingizwe nchini. Keiji Nakazawa, aliyenusurika Hiroshima akiwa na miaka sita, alianza kuchapisha Hadashi no Gen mwaka 1973. Mwaka 2023 bodi ya elimu ya Hiroshima ilikitoa kibonzo hicho katika somo la amani. Hoja mojawapo ilihusu tukio la Gen kuiba samaki wa bwawani ili amlishe mama yake. Mji mzima unaungua kurasani, na kilichotiliwa shaka ni samaki.

Huko Katanga, shimo la Shinkolobwe lilizibwa kwa zege wakati wa uhuru wa Kongo. Wachimbaji wa mikono walilirudia. Januari 2004 serikali iliamuru lifungwe, na Julai likaporomoka na kuua watu wanane. Walikuwa wakitafuta kobalti.