Kwaya ya Mtu Mmoja: Studio Ilipohamia Chumbani

Wadau wa gospo, leo kijana anarekodi wimbo wa injili kwa simu akiwa chumbani kwake. Zamani haikuwa hivyo, studio ilikuwa mali ya redio. Vipindi vya Kiswahili vya Radio Voice of the Gospel, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1963, vilirekodiwa Moshi, kisha kanda zikasafirishwa mpaka Addis Ababa. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikaitwaa stesheni hiyo, na njia hiyo ikafungwa.

Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ikatoa Portastudio, mashine ya kuweka mezani inayorekodi njia 4 kwenye kaseti ya kawaida. Sasa piga hesabu: tenzi huimbwa sauti 4, yaani soprano, alto, tena na besi. Mtu mmoja akawa kwaya nzima!

Ila kinanda kikae wapi? Hapo ndipo penye kazi. Unarekodi sauti 3, unazichanganya ziingie njia ya 4, halafu unazifuta zile 3 upate nafasi. Ukishafuta, imetoka hiyo. Besi ikizidi, imezidi milele.

Ndiyo maana kaseti hizo ni mali. Mara nyingi hakuna nakala nyingine popote, na ukungu hauna huruma. Kama mzee wenu mpenda tenzi aliacha boksi la kaseti chini ya kitanda, msitupe. Zihamishieni kwenye kompyuta mapema, sauti yake bado imo humo.