Sikio la Mtoto Mchanga: Historia Fupi ya Uchunguzi wa Sauti katika Maabara

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo yafaa kufungulia makala haya, maana wataalamu wengi waliwahi kudhani kwamba sikio la mtoto mchanga halina chochote ila kile linachofunzwa na malezi. Historia ya maabara yaonyesha kwamba huo ni nusu ya ukweli.

Mwaka 1957, Alvin Liberman na wenzake wa Maabara ya Haskins, wakati huo mjini New York, walionyesha kwamba mtu mzima akisikilizishwa sauti zinazogeuka hatua kwa hatua kutoka /b/ hadi /d/ na /g/, hutambua tofauti hasa penye mpaka wa konsonanti mbili. Swali likazuka: mpaka huo watoka wapi?

Mwaka 1971, Peter Eimas na wenzake watatu wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliwachunguza watoto wa mwezi 1 na wa miezi 4. Kwa kuwa mtoto huyo hajui kusema, alipewa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine. Kila aliponyonya kwa nguvu, silabi ilisikika. Akiizoea, alipunguza kunyonya. Akitambua silabi mpya, aliongeza tena. Tofauti ya milisekunde 20 iliyovuka mpaka wa /b/ na /p/ iliwaamsha watoto. Tofauti ya kiasi kilekile upande mmoja wa mpaka haikuwaamsha.

Je, hicho ni kipawa cha lugha anachozaliwa nacho binadamu peke yake? La. Mwaka 1975, Patricia Kuhl na James Miller walionyesha kwamba chinchila, mnyama mdogo wa Amerika ya Kusini, naye hutenganisha /d/ na /t/ karibu pale pale wanapozitenganisha watu.

Afrika nayo ina nafasi katika historia hii. Mwaka 1976, Lynn Streeter alichapisha uchunguzi wa watoto Wakikuyu wa Kenya wenye miezi 2. Kikuyu hakina /p/. Hata hivyo watoto hao waliitenga na /b/. Kisha, mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionyesha upande wa pili: watoto wa miezi 6 hadi 8 waliolelewa katika Kiingereza walitambua tofauti za sauti za Kihindi, lakini walipokaribia mwaka 1 wengi hawakuzitambua tena. Wenzao waliolelewa katika Kihindi hawakuzipoteza. Basi sikio huzaliwa wazi, malezi hulichagulia.

Jambo hili latuhusu sisi. Mara nyingi husikika kwamba mtoto wa Lubumbashi hana sikio la Kifaransa, au kwamba amekiharibu Kiswahili kwa kusema mutoto badala ya mtoto. Tuliyoyaeleza yakanusha hukumu hiyo. Mtoto huyo alizaliwa na sikio lile lile la mtoto wa Paris au Unguja, nalo likashika kwa uaminifu sauti za nyumbani kwake. Tena sikio la mtu mzima halijafungwa kabisa. Hufunzwa kwa mazoezi. Kwa hiyo mwalimu aanze na sauti azijuazo mwanafunzi, kisha amwongoze kwenye zile ngeni bila kumdharau. Kumwita kiziwi aliyesikiliza vema ni kumkosea yeye na taaluma pia.