Lifti ya gari kwa gereji ya nyumbani: pima paa na sakafu kabla ya kuuliza bei

Mfanyabiashara mwenye Noah mbili na Hiace moja hufika mahali akajiuliza: kwa nini kila mwezi nilipe gereji ya mtu, wakati uwanja wa nyumbani ninao na fundi ninaye? Hapo ndipo wazo la kununua lifti ya gari huanzia.

Kosa kubwa ni kuanza na bei. Mashine inaagizwa, inafika, kisha inagundulika kwamba paa ni fupi, sakafu ni nyembamba au umeme wa nyumbani hauwezi kuiendesha. Wakati huo fedha imeshakwenda. Makala hii inaeleza mambo ya kupima kwanza.

Aina tatu za kawaida

Lifti ya nguzo mbili hushika gari kwa mikono minne chini ya chesisi. Magurudumu yananing'inia, hivyo kazi za breki, shokomzoba na giaboksi zinakuwa rahisi. Nyingi hubeba tani 3.5 hadi 4.5.

Lifti ya nguzo nne hubeba gari juu ya njia mbili za chuma, magurudumu yakiwa yamekanyaga. Ni tulivu, haisumbui sana sakafu, na inafaa kubadili oili na kukagua chini. Lakini huwezi kutoa magurudumu bila jeki ya ziada, na inachukua nafasi kubwa.

Lifti ya mkasi ya kimo cha kati huinua gari takriban mita 1 hadi 1.2. Fundi hafanyi kazi akiwa amesimama wima, ila anapata nafasi ya kutosha kwa matairi, breki na bodi. Baadhi huhamishika.

Paa

Chukua kimo cha gari lako refu kuliko yote, ongeza mita 1.8 ili fundi asimame chini yake. Noah ina kimo cha karibu mita 1.85, kwa hiyo unahitaji takriban mita 3.65. Hiace ya paa la chini ina karibu mita 2, nayo inataka mita 3.8. Banda la nyumbani lenye dari ya mita 3 halitoshi kwa kazi hiyo. Hapo chagua lifti ya mkasi, au inua paa kabla ya kununua chochote.

Angalia pia kimo cha mashine yenyewe. Nguzo mbili zenye boriti ya juu huzidi mita 3.5. Zile zenye bamba la kuunganisha chini huwa fupi, karibu mita 2.8, ila gari hulazimika kupita juu ya bamba hilo.

Sakafu

Hapa ndipo maisha ya fundi yanapokaa. Katika lifti ya nguzo mbili, gari huvuta nguzo kutoka wima, na kinachozuia zisianguke ni bolti zilizozama kwenye zege. Zege likiwa dhaifu, bolti hung'oka na gari linashuka na mtu chini yake.

Viwanda vingi vya Marekani hutaka zege la unene usiopungua sentimita 10, na vya Ulaya mara nyingi hutaka sentimita 15 hadi 20 lenye nondo. Fuata kitabu cha mashine unayonunua, si maneno ya muuzaji. Sakafu ya saruji iliyopigwa juu ya mawe kwa ajili ya kuegesha gari haihesabiki. Toboa tundu dogo upime unene. Ukimwaga zege jipya, subiri siku 28 ndipo ufunge bolti. Bolti zisifungwe karibu na ufa wala ukingo wa zege.

Uzito

Noah tupu ina takriban tani 1.5 na Hiace karibu tani 2. Land Cruiser kubwa hupita tani 2.5. Kwa magari hayo lifti ya tani 4 inatosha na akiba inabaki. Lakini kumbuka kwamba tani 4 hugawanywa kwa mikono minne, tani 1 kila mmoja. Hiace ina injini mbele chini ya viti, hivyo mikono ya mbele hubeba zaidi. Shusha mzigo wote kabla ya kuinua.

Wenye malori wasijidanganye. Kichwa cha semitrela peke yake hupita tani 7. Lifti hizi si zake.

Umeme

Mota ya kawaida ni ya kilowati 2.2. Ipo ya fezi moja, inayofaa nyumba nyingi, na ipo ya fezi tatu. Andika kwenye oda unayotaka, maana mota isiyolingana na umeme wako ni gharama mpya. Iwekewe waya na swichi yake peke yake, kwa kuwa mota huvuta umeme mwingi inapoanza.

Forodha na usafirishaji

Kwenye orodha ya ushuru mashine hizi ziko chini ya kifungu 8425. Namba 8425.41 ni ya mifumo ya kujengewa gereji, na 8425.42 ni ya jeki na vinyanyuzi vingine vya haidroliki. Kubaliana na wakala wako wa forodha kuhusu namba kabla mzigo haujapakiwa, na umuulize kama cheti cha ubora kinatakiwa kabla ya meli kuondoka.

Aidha, mashine iliyotengenezwa China na kununuliwa Nairobi haigeuki bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kuvuka Namanga. Cheti rahisi cha uasilia, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa za ndani ya Jumuiya tu. Weka kwenye hesabu kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na Uganda, na 16 Kenya.

Lifti ya nguzo mbili huwa na uzito wa kilo 600 au zaidi. Panga mapema nani ataishusha na kwa kifaa gani.

Hesabu ya faida

Tuseme mashine, zege, umeme na ufungaji vimefika shilingi milioni 8 za Tanzania. Kama unaokoa 250,000 kwa mwezi, fedha inarudi baada ya miezi 32. Katika akiba hiyo hesabu pia siku ambazo gari lingekaa foleni gereji bila kuingiza kitu. Mwenye gari moja mara nyingi atabaki salama na jeki nzuri na stendi nne imara. Shimo la gereji ni rahisi zaidi, ila mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hujikusanya humo. Cheche moja inatosha kuleta moto.

Kabla ya kulipa

Omba kitabu cha maelekezo na cheti cha kiwango cha EN 1493 au cha ALI, na ukihakikishe kwa aliyekitoa. Uliza vipuri, hasa nyaya za chuma na sili za silinda, vinapatikana wapi. Jaribu kufuli za usalama kila hatua. Na sheria ya kila siku ni moja: gari likifika juu, lishushwe likalie kufuli kabla mtu hajaingia chini. Oili ya haidroliki ni ya kuinulia, kazi ya kushikilia gari ni ya kufuli.