Wimbledon Sebuleni: Jinsi Kamera Ilivyoyabadili Mashindano

Tarehe 21 Juni 1937, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilirusha kwa dakika 25 picha za mechi ya raundi ya kwanza ya mashindano ya tenisi ya Wimbledon, baina ya George Rogers wa Ireland na Mwingereza Bunny Austin, ambaye alikwisha kujulikana kwa kuthubutu kucheza na kaptula mahali ambapo wanaume walivaa suruali ndefu. Huduma ya televisheni ya BBC ilikuwa na umri wa miezi saba tu. Mtambo wake wa kurushia ulikuwa Alexandra Palace, jengo lililo juu ya kilima kaskazini mwa London, ilhali viwanja vya Wimbledon viko kusini magharibi mwa jiji. Kwa hiyo picha zilikusanywa katika gari maalumu la mitambo, lililotumika mwezi mmoja kabla katika kutawazwa kwa Mfalme George wa Sita, zikasafirishwa kwa mawimbi ya redio hadi kilimani, ndipo zikarushwa kwa watu wachache waliomudu kununua seti. Picha iliundwa kwa mistari 405, nyeusi na nyeupe, na anayejua udogo wa mpira wa tenisi anaweza kukisia watazamaji hao waliona nini.

Mashindano yenyewe yalianzishwa mwaka 1877 na Klabu ya All England, ambayo ndiyo inayoyaendesha hadi leo na ambayo imejijengea sifa ya ukaidi. Inachezesha kwenye nyasi wakati mashindano mengine matatu makubwa, ya Australia, Ufaransa na Marekani, yanachezwa kwenye sakafu ngumu au udongo, na inawalazimisha wachezaji wavae nyeupe. Anayeitazama kwa mbali hudhani kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini historia ya utangazaji wake inaonyesha jambo jingine: mengi katika mabadiliko makubwa ya Wimbledon, kuanzia nani aruhusiwe kucheza hadi nani aamue kwamba mpira umetoka, yalisukumwa ama na kamera yenyewe ama na waliolipia haki ya kuiweka pale, na klabu mara nyingi ilisalimu amri baada ya wengine wote.

Redio ilitangulia, mwaka 1927, na mtangazaji wa redio hakuwa na budi kujaza kila sekunde kwa maneno. Vita ya Pili ya Dunia iliizima televisheni tarehe 1 Septemba 1939, na bomu lililoanguka Oktoba 1940 liliharibu viti vipatavyo 1,200 vya uwanja mkuu, Centre Court. Vyote viwili, televisheni na mashindano, vilirejea mwaka 1946. Mtu aliyewafundisha Waingereza jinsi ya kutazama tenisi badala ya kuisikiliza alikuwa Dan Maskell, aliyekuwa kocha kabla ya kuwa mtangazaji, na ambaye kuanzia mwaka 1951 hadi 1991 aliielezea Wimbledon kwa kunyamaza zaidi kuliko kusema, akiamini kwamba mtazamaji ana macho yake, kisha kwenye pigo la ajabu akitoa mshangao mfupi uliogeuka kuwa alama yake. Watangazaji wengi wa leo, wanaosema hata wakati mchezaji anajifuta jasho, wangefaidika kwa kumsikiliza tena.

Mwaka wenye uzito kuliko yote katika historia hii ni 1967. David Attenborough, ambaye dunia inamfahamu kwa filamu za wanyama, wakati huo alikuwa mkuu wa BBC2, kituo cha pili cha shirika hilo, na alitaka Uingereza itangulie kuonyesha televisheni ya rangi kabla ya Ujerumani Magharibi, iliyokuwa imepanga kuanza Agosti. Wimbledon ilimfaa kwa sababu rahisi: ni tukio linalodumu saa nyingi kwa siku nyingi mfululizo, na kamera chache zilizosimama mahali pamoja zinatosha kulijaza. Tarehe 1 Julai, mechi ya Roger Taylor wa Uingereza na Cliff Drysdale wa Afrika Kusini ikawa miongoni mwa picha za kwanza za rangi kurushwa rasmi barani Ulaya, ingawa wengi waliokuwa na televisheni waliendelea kuona nyasi za kijivu kwa kuwa seti za rangi zilikuwa chache mno.

Lililofuata Agosti mwaka huohuo lilikuwa zito zaidi. Hadi wakati huo mashindano makubwa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu, yaani wale wasioruhusiwa kupokea fedha za ushindi, hata kama wengi walilipwa kwa siri. Aliyekubali kulipwa waziwazi alifungiwa mlango. Rod Laver wa Australia, bingwa wa mwaka 1961 na 1962, hakuwa amekanyaga Wimbledon kama mchezaji tangu alipojiunga na wachezaji wa kulipwa. BBC, ikitaka kitu cha kuonyesha kwa rangi, ilidhamini mashindano ya wanaume 8 wa kulipwa katika Centre Court. Majukwaa yakajaa, Laver akamshinda Ken Rosewall katika fainali, na viongozi wa klabu wakajionea kwamba tenisi bora kuliko zote ilikuwa ikichezwa nje ya lango lao. Miezi minne baadaye chama cha tenisi cha Uingereza kilipiga kura kuondoa tofauti baina ya ridhaa na kulipwa, chama cha kimataifa kikafuata Machi 1968, na Wimbledon ya mwaka huo ikawa ya kwanza kutoa fedha kwa washindi: pauni 2,000 kwa Laver na 750 kwa Billie Jean King, pengo ambalo lingezua ugomvi wa miongo kadhaa. Sababu za mageuzi hayo zilikuwa nyingi, lakini ni vigumu kuyafikiria yakitokea wakati ule bila ya televisheni kugharimia jaribio lile.

Rangi ilileta pia tatizo dogo lenye majibu ya kuchekesha. Kamera kuu ya tenisi hukaa juu, nyuma ya mstari wa mwisho, ikitazama urefu wote wa kiwanja, ambao ni mita 23.77, lenzi ya masafa marefu huubana umbali huo, mpira huonekana kwenda polepole kuliko ulivyo, na mpira mweupe uliochafuka kwa nyasi hupotea machoni. Shirikisho la kimataifa liliruhusu mpira wa njano mwaka 1972 baada ya kubaini kwamba watazamaji wa televisheni wanauona vizuri zaidi. Wimbledon, ambako televisheni ya rangi ya Uingereza ilizaliwa, iliendelea na mpira mweupe hadi 1986.

Muda nao uliwasumbua warushaji matangazo. Kwa kanuni za zamani seti haikuisha mpaka mmoja ampite mwenzake kwa gemu mbili, na mwaka 1969 Pancho Gonzales, mwenye umri wa miaka 41, alimshinda Charlie Pasarell kwa gemu 112 zilizochezwa kwa siku mbili. Hakuna kituo kinachoweza kupanga taarifa ya habari nyuma ya mechi ya namna hiyo. Dawa ilikuwa taibreki, gemu maalumu ya pointi chache inayoamua seti iliyofungana, iliyobuniwa na Mmarekani James Van Alen. Mashindano ya Marekani yaliitumia mwaka 1970, Wimbledon mwaka 1971, lakini haikuingizwa katika seti ya mwisho. Mwanya huo ndio ulioruhusu mwaka 2010 mechi ya John Isner na Nicolas Mahut kudumu saa 11 na dakika 5 kwa siku tatu, hadi ubao wa matokeo ukakwama kwenye 47 kwa 47, kwa kuwa waliouandalia programu hawakudhani yupo atakayepita hapo. Isner alishinda seti hiyo kwa gemu 70 dhidi ya 68. Klabu ilikubali taibreki ya seti ya mwisho mwaka 2019, kwanza ikisubiri hadi 12 kwa 12, na tangu 2022 huchezwa kwenye 6 kwa 6 kama kwingineko.

Fedha kubwa zilitoka Marekani, na fedha hizo zilikuwa na saa yake. Mwaka 1979 kituo cha NBC kilianza kuonyesha fainali moja kwa moja, saa 8 mchana wa London ikiwa saa 3 asubuhi ya New York, na Wamarekani wakazoea kuitazama wakinywa chai ya asubuhi. Roscoe Tanner, aliyecheza na Björn Borg katika fainali hiyo na kushindwa, alisimulia miaka ya baadaye kwamba alijificha msalani kwa dakika chache ili mechi isianze kabla ya matangazo kuwa hewani. Mwaka 1982 fainali ya wanaume ilihamishwa kutoka Jumamosi kwenda Jumapili.

Mvua, ambayo kwa miaka mingi iliwalazimisha warushaji kurudia mechi za kale, ilipatiwa dawa mwaka 2009 kwa paa linalofungwa juu ya Centre Court. Mwaka uliotangulia Rafael Nadal alikuwa amemshinda Roger Federer baada ya saa 3 usiku katika giza ambalo kamera, zinazovuta mwanga kuliko jicho, zililificha kwa kiasi. Waliokuwa uwanjani waliuona mpira kwa shida kuliko waliokaa sebuleni.

Kwa Afrika Mashariki, ambako fainali za saa 8 mchana wa London ziliangukia saa 10 jioni, mashindano haya yalifika hasa kwa setilaiti kupitia ving'amuzi vya DStv na chaneli za SuperSport, kisha kwa simu. Kutazama kwa mtandao hukata picha katika vipande vidogo vinavyopakuliwa na kuhifadhiwa kabla ya kuonyeshwa, ndiyo maana mtazamaji wa simu hubaki nyuma kwa sekunde kadhaa na huweza kuambiwa pointi na jirani mwenye king'amuzi. Faida yake ni kwamba uamuzi wa kiwanja gani kionyeshwe, ambao zamani ulikuwa wa mtayarishaji mmoja ndani ya gari la mitambo, umehamia kwa mtazamaji, na viwanja vya pembeni vimepata macho. Mwaka 2022 Mkenya Angella Okutoyi alitwaa huko taji la wasichana la wachezaji wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji katika mashindano makubwa manne.

Mwaka 2025 kamera ilichukua kiti cha mwisho. Mfumo wa Hawk-Eye, unaokokotoa njia ya mpira kutokana na kamera kadhaa na ulioanza mwaka 2001 kama nakshi ya televisheni katika kriketi, ulikuwa Wimbledon tangu 2007 kwa ajili ya kupinga maamuzi. Sasa uliwaondoa kabisa waamuzi wa mstari baada ya miaka 147. Katika mechi ya Sonay Kartal na Anastasia Pavlyuchenkova mtu aliuzima sehemu yake kwa makosa, mpira wa Kartal ukatoka bila mfumo kusema lolote, na mwamuzi mkuu akaamuru pointi irudiwe huku marudio ya televisheni yakionyesha wazi kwamba umetoka.

Mwaka huohuo fainali zilisogezwa hadi saa 10 jioni ya London, saa 12 jioni ya Nairobi na Dar es Salaam, ili Wamarekani wengi zaidi wawe wameamka. Fainali ya kwanza chini ya ratiba hiyo, ya wanawake tarehe 12 Julai, ilimkutanisha Iga Świątek wa Poland na Mmarekani Amanda Anisimova. Ilimalizika kwa dakika 57, na Anisimova hakupata hata gemu moja.