Macho ya Angani na Ardhi ya Nachingwea

Historia ya Nachingwea inatufundisha kwamba kuiona ardhi kutoka juu si kuijua. Mwaka 1946 ujumbe wa Wakefield uliitazama Tanganyika kwa majuma machache tu, sehemu kubwa kwa ndege; karanga zikaamuliwa zilimwe Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wenyeji hawakushirikishwa. Januari 1951 Serikali ya Uingereza iliufuta mradi, paundi milioni 36 zikiwa zimekwisha teketea.

Baada ya ndege zilikuja setilaiti, na uhusiano ukabaki ule ule. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Jina letu, mali yao! Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya kuitazama ardhi, mwaka 2023, tena kwa roketi ya Marekani.

Kwa hiyo ni swali la siasa, si la ufundi tu: picha za mikorosho ya Ruangwa, na za vilima vyenye madini ya kinywe, husomwa kwanza na nani, na kwa faida ya nani? Sisi tunashikilia kwamba kabla ya kutamani roketi, Taifa liandae vijana wake wa kuzisoma picha hizo, nao waanze kazi kwa kumuuliza mkulima wa Nachingwea, ambaye Wakefield hakumuuliza.